Abu Rayhan al-Biruni na Vitabu Alivyovisoma

 



Yako mazungumzo ambayo hayakosi kusikiwa barazani baada ya sala ya magharibi. Mtu mmoja husema, "Kitabu kile ni kizuri sana." Mwenzake humjibu, "Kitabu kile hakifai, kinapoteza watu." Na lau wangeulizwa wamekisoma mpaka ukurasa wa ngapi, wa kwanza angesema kuwa alikiona mkononi mwa fulani, na wa pili angesema kuwa alihadithiwa. Ugonjwa huu si wa leo wala si wa mji huu peke yake. Mwanachuoni mmoja wa Kiislamu aliulalamikia yapata miaka elfu moja iliyopita, naye alikuwa na haki ya kulalamika, kwa sababu yeye alivisoma vitabu alivyovisema. Mwanachuoni huyo ni Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni.

Alizaliwa mwaka 973 wa miladi, sawa na mwaka 362 wa Hijra, katika mji wa Kath nchini Khwarazm, upande ambao siku hizi umo katika dola ya Uzbekistan. Wengi humtaja kwa ilimu ya nyota na hesabu, na jinsi alivyoupima ukubwa wa dunia; hayo yana wasemaji wake. Hotuba hii yamtazama akiwa msomaji: mtu aliyechukua kitabu, akakifanyia mutalaa, kisha akasema wazi alichokiona ndani yake.

Mapenzi yake ya kusoma yamesimuliwa na Yaqut al-Hamawi katika kamusi yake ya waandishi. Amesema kuwa mkono wa Abu Rayhan ulikuwa haukaribii kuachana na kalamu, wala jicho lake na kitabu, ila siku mbili tu katika mwaka mzima, nazo ni sikukuu mbili za zamani za Kiajemi, ambazo humo alikuwa akijitafutia chakula na mavazi ya mwaka. Na amesimulia kuwa alipokuwa katika sakarati, pumzi zikimgota kifuani, aliingia kwake mwanafiqihi mmoja kumzuru. Abu Rayhan akamwuliza juu ya mas-ala ya mirathi ya bibi wa upande wa mama, ambayo waliwahi kuyazungumza zamani. Mwanafiqihi akamwonea huruma, akamwambia: katika hali hii? Akamjibu kuwa kuiaga dunia hali ayajua mas-ala hayo ni bora kuliko kuiaga hali ni mjinga nayo. Mwanafiqihi akayarudia, mgonjwa akayahifadhi. Na mwanafiqihi hakufika mbali njiani ila alisikia kilio nyumbani kwa marehemu.

Basi mtu wa namna hii alipokwenda kumzuru mwalimu Abu Sahl at-Tiflisi, alimkuta amekasirika. Alikuwa amesoma kitabu cha mtu aliyewaandika Muutazila. Hao Muutazila husema kuwa Mwenyezi Mungu ni Mjuzi kwa dhati yake. Mwandishi yule, kwa kuwachukia, akayageuza maneno yao yakawa kwamba wao wanasema Mungu hana ilimu, ili msomaji mjinga adhani kuwa wanamsingizia Mola ujahili! Wala hakusema uwongo wa kuzua tangu mwanzo. Alichukua maneno ya watu akayapinda kidogo tu, na huko kupinda kidogo ndiko kunakodhuru zaidi, kwani hakuonekani upesi.

Al-Biruni akamwambia kuwa vitabu vingi vinavyoeleza dini na madhehebu ya wengine ndivyo vilivyo. Yaliyoandikwa juu ya Wahindi, kwa mfano, mengi ni ya kuokota: huyu kanakili kwa yule, na yule kwa mwingine, wala hapana mmoja aliyekwenda akauliza. Mwalimu akavirejea vitabu hivyo, akaona kuwa ni kweli. Basi akamwomba al-Biruni aandike yale ayajuayo yeye.

Katika dibaji ya kitabu alichokiandika kwa ombi hilo, al-Biruni anatoa hukumu moja inayoonyesha insafu yake. Anamtaja Abu al-Abbas al-Iranshahri, anamsifu kuwa hakuwa na upendeleo, na kuwa habari alizozitoa za Mayahudi na Wakristo na wafuasi wa Mani ni nzuri. Kisha anasema kuwa alipofika kwa Wahindi mshale wake ulikwenda kombo, kwa kuwa alitegemea kitabu cha mtu mwingine, na alipokosa humo alisikiliza maneno ya watu wa kawaida. Tazameni, mabwana hadhirina: katika kitabu kimoja, mlango huu ameusifu na mlango ule ameukataa, akatoa na sababu. Hakusema "kizuri" akanyamaza, wala "kibaya" akakitupa.

Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarazm, na al-Biruni akachukuliwa pamoja na wanachuoni wengine hadi Ghazna, katika nchi ya Afghanistan ya leo. Alikuwa amekwisha pita miaka arobaini. Katika umri huo, ambao wengi huwa wanawaachia watoto wao kusoma, yeye alianza tena alifu kwa kijiti, akajifunza lugha ya Kisanskriti ili avisome vitabu vya Wahindi kwa lugha yao. Aliona taabu kubwa. Kitu kimoja kina majina mengi, jina moja lina vitu vingi, na herufi nyingine ulimi wa mgeni hauziwezi kabisa. Tena Wahindi wenyewe walikuwa hawana hamu ya kumfunza mtu aliyekuja nyuma ya jeshi. Naye hakuficha kuwa vita vya Sultani viliiharibu nchi ile, na kuwa ilimu zao zilikimbilia mbali, Kashmir na Benares, mahali ambapo mkono wa Sultani haukufika. Alitoa mali, akawaita wajuzi, akaagiza vitabu kila alikotarajia kuvipata.

Alivyovipata vilikuwa vya namna gani? Vile vya kusini viliandikwa juu ya majani ya mti wa jamii ya mvumo, urefu wa dhiraa moja na upana wa vidole vitatu, yakatobolewa katikati na kupitishwa uzi. Vya kaskazini viliandikwa juu ya gome la mti lililosuguliwa likalainika. Akawalaumu sana wanakili. Amesema kuwa hawalinganishi nuskha na asili yake, hata kitabu kikisha kunakiliwa mara moja au mbili kinakuwa kitabu kingine, hata mjuzi wa ilimu ile hakielewi. Waalimu wa madrasa waliopata kusahihisha nuskha za mkono za maulidi watayaelewa malalamiko haya bila ya kufafanuliwa.

Lawama yake nyingine inawagusa watu wa mwambao na wote wanaozungumza Kiswahili. Wahindi walikuwa wakitunga vitabu vya ilimu kwa mashairi, hata vitabu vya nyota na hesabu, ili vihifadhike kwa moyo na visichafuliwe na wanakili. Al-Biruni hakupendezwa. Amesema kuwa mtungaji akibanwa na mizani hulazimika kuongeza neno lisilohitajiwa hapa na kupunguza linalohitajiwa pale, na maana ikapata hasara. Hapa huenda watungaji wa tenzi wakamkasirikia. Lakini na wao wanajua, wakiwa peke yao na kalamu, ni mara ngapi neno limetiwa katika ubeti kwa ajili ya kina tu. Hata hivyo hapana budi kusema kuwa Wahindi walikuwa na hoja: utenzi uliohifadhiwa vifuani hauliwi na mchwa. Katika hili haki imegawanyika, na al-Biruni amechukua fungu moja tu.

Vitabu vyenyewe alivihukumu vipi? Amesema kuwa ilimu yao ya hesabu na nyota ameiona kama lulu zilizochanganyika na samadi: vyote viwili vimewekwa daraja moja, wala hapana anayevitenga. Neno hilo limewaudhi wengine. Lakini nani aliyepekua samadi kwa miaka ili azitoe lulu, kama si yeye? Alimsoma Brahmagupta, mwanachuoni wao mkubwa wa karne ya saba, akamwona kuwa ajua hakika kwamba mwezi hupatwa kwa kuingia katika kivuli cha ardhi. Kisha akamkuta mahali pengine akiitetea hadithi ya kale kuwa kichwa cha jitu liitwalo Rahu ndicho kinachoumeza mwezi, na baadaye tena akiendelea kuhesabu upana wa kivuli kana kwamba hakusema lolote. Msomaji mwingine angecheka. Al-Biruni alistaajabu, kisha akamtafutia udhuru. Alidhani kuwa mtu yule aliwaogopa watu wake, asipatwe na yaliyompata Sokrates kule Uyunani, basi akasema kwa ulimi yale ambayo akili yake haikuyakubali. Kumsoma mtu wa dini nyingine na lugha nyingine, tena aliyekufa kwa karne kadha, ukaisikia hofu yake ndani ya hesabu zake, si jambo dogo.

Kitabu hicho cha Bara Hindi alikimaliza karibu na mwaka 1030, mwaka aliokufa Sultani Mahmud. Ndani yake mna neno la kupita ambalo watu wa huku wanapaswa kulijua: akieleza sababu ya bandari ya Somnath kuwa mashuhuri, anasema kuwa ilikuwa kituo cha wasafiri wa bahari baina ya Sufala ya nchi ya Zanji na China.

Kuna hukumu yake moja ambayo haifai kupokewa kwa kuwa ni yake tu. Lugha ya mama yake ilikuwa ya Khwarazm, naye aliidharau. Alisema kuwa ilimu katika lugha ile ni kitu cha kigeni, mfano wa ngamia aliyekaa juu ya mfereji wa paa, au twiga kati ya farasi wa asili. Kiarabu ndicho alichokipenda kwa ilimu. Lau Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891 hadi 1947) angelifuata rai hiyo, asingelitoa gazeti la Al-Islah huko Mombasa mwaka 1932 kwa Kiswahili pamoja na Kiarabu, wala Sheikh Abdallah Saleh Farsy asingelifasiri Qurani Takatifu, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1969. Ngamia huyo amekaa juu ya mfereji na mfereji haukuvunjika.

Sasa imebaki habari ya kitabu ambacho al-Biruni alikitaka kuliko vyote.

Alipokuwa kijana alisoma kitabu cha Muhammad bin Zakariyya ar-Razi, tabibu mashuhuri. Juu ya ar-Razi mwenyewe amesimulia kuwa alikuwa akisoma usiku, taa yake ameiweka katika shubaka ya ukuta, na kitabu amekiegemeza ukutani, ili usingizi ukimchukua kitabu kianguke kimwamshe. Na mwisho macho yake yakapofuka. Itikadi za ar-Razi katika dini al-Biruni hakuzikubali hata kidogo. Lakini rafiki alipomwomba orodha ya vitabu vya tabibu huyo, alimwandikia majina 184, na mwisho akatia orodha ya vitabu vyake yeye, 113.

Katika risala hiyo ya orodha, aliyoiandika mwaka 427 wa Hijra akiwa na umri wa miaka 65 ya mwezi, anaeleza kuwa ar-Razi alikitaja kitabu cha Mani, mtu wa Babel aliyedai utume katika karne ya tatu ya miladi. Jina la kitabu ni Sifr al-Asrar, yaani Kitabu cha Siri. Jina hilo likamghuri, kama dhahabu na fedha zinavyowaghuri watu wa kimia. Akakitafuta, kwa hesabu yake mwenyewe, zaidi ya miaka arobaini. Hata siku moja akafika mjumbe kutoka Hamadan na furushi la vitabu, na ndani yake kimo. Furaha iliyomwingia ameifananisha na ya mwenye kiu aliyeona mangati. Akakifungua, akasoma, na huzuni iliyofuata ni ile ya mwenye kiu anapofika pale alipoyaona maji.

Hakusema kuwa hakukielewa, wala hakuona haya kuwa umri mzima alikitamani kitu kisicho na maana. Alifanya muhtasari wa upuuzi wake, ili kila mwenye ugonjwa kama wake ausome apone upesi, asingoje miaka arobaini.

Lakini alipohitaji, katika kitabu chake cha Bara Hindi, kueleza itikadi ya roho kuhama kutoka kiwiliwili hadi kiwiliwili, alimnukuu Mani kutoka katika kitabu kile kile, kwa maneno ya Mani, bila ya kuyapinda. Sifr al-Asrar chenyewe kimepotea. Ibn an-Nadim ametuachia majina ya milango yake, na katika maneno machache yanayojulikana leo yamo yale aliyoyanakili al-Biruni.