Msingi Usitangulie Kibali



Umezuka mtindo mijini, nao umewaambukiza hata walimu na watumishi wa serikali. Mtu hupata mkopo wa chama cha akiba na mikopo, au hulipwa kiinua mgongo chake. Hununua kiwanja, hupeleka michoro halmashauri siku ya Jumatatu, na kabla ya Jumamosi mafundi wamekwisha chimba msingi. Akiulizwa, hujibu kwamba kibali "kinashughulikiwa".

Wengi hudhani kibali ni stakabadhi ya ada tu. Sivyo hata kidogo. Kibali ni matokeo ya uchunguzi. Ofisa mipango miji hutazama kama kiwanja kilitengwa kwa makazi, au kwa shule, soko ama uwanja wa wazi. Mpima huangalia mipaka. Mhandisi hukagua nondo na uzito utakaobebwa na nguzo, na bwana afya huuliza shimo la choo litakuwa wapi. Kosa likionekana wakati huo, mchoraji huchukua kifutio na kazi huendelea. Likionekana baada ya zege kukauka, kifutio ni nyundo, na mwenye nyumba ndiye mwenye hasara. Alama nyekundu ya X ikiisha pigwa ukutani, hakuna chama cha mikopo kinachofuta deni kwa sababu hiyo. Mshahara wa mwalimu huendelea kukatwa kila mwezi kwa ajili ya nyumba isiyokuwapo tena.

Dar es Salaam imeyaona haya. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu kadhaa, na baadhi ya wakazi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Miaka minne baadaye, Desemba 2015, nyumba zilibomolewa katika bonde la Msimbazi. Wengi walioishi humo walikuwa maskini wasio na pa kwenda, na si haki kuwacheka. Lakini mtumishi mwenye mshahara na elimu, anayeweza kufika ofisi ya ardhi kwa nauli ya basi, atajitetea kwa lipi?

Wapo pia wanaopata kibali kisha wakakipita. Asubuhi ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, jijini humo, liliporomoka na kuua watu 36. Ilielezwa baadaye kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Ghorofa zilizozidi zilikuwa sawa na jengo lisilo na kibali, lililopandishwa juu ya mabega ya lenye kibali.

Hata hivyo haifai kumlaumu mjenzi peke yake. Faili linapolala mezani miezi kadhaa bila jibu, huku bei ya saruji ikipanda na masika yakikaribia, ofisi nayo inamsukuma mwananchi kwenye kosa. Mbaya zaidi ni yule ofisa anayenong'ona, "Anza tu, tutamalizana." Ruhusa ya mdomo si kibali. Ofisa huyo akihamishwa, neno lake huondoka pamoja naye, na anayekuja hulikuta jengo tu.

Muda wa kungoja una kazi zake. Kiwanja kifyekwe. Mawe ya mipaka yatafutwe mbele ya mpima na majirani, maana ugomvi wa mipaka ni rahisi kumaliza pakiwa na nyasi kuliko pakiwa na ukuta. Saruji isinunuliwe mapema, huganda stoo. Na jibu likichelewa, mwombaji amwandikie mkurugenzi wa halmashauri barua yenye namba ya faili na tarehe ya maombi, naye abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa masjala.