ISTILAHI SANIFU KATIKA KUMBUKUMBU ZA UUGUZI: MFANO WA RUNAZI



Tarehe 20 Januari 2025 Serikali ya Tanzania ilitangaza kuwa ugonjwa wa Marburg umeingia Wilaya ya Biharamulo, Mkoa wa Kagera. Wagonjwa 2 walithibitishwa na maabara, wengine 8 wakahesabiwa kuwa yumkini waliugua ugonjwa huo, na wote 10 walifariki. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi mwaka huohuo.

Marburg huanza kwa homa kali, maumivu ya kichwa na unyonge. Damu hutoka baadaye. Siku za mwanzo haupambanuki kwa urahisi na malaria. Anayekesha na mgonjwa ni muuguzi, naye ndiye wa kwanza kuona mabadiliko. Lakini akiandika “homa”, mwenzake wa zahanati ya jirani akaandika “joto limepanda”, na wa tatu, akimfuatisha mgonjwa asemaye Kisubi au Kihangaza, akaandika “mwili unawaka”, kompyuta huhesabu mambo matatu mbalimbali. Dalili iliyoenea katika eneo zima la Runazi yaweza kupita bila kuonekana.

Istilahi sanifu haimlazimishi mgonjwa kubadili usemi wake. Kila dhana hupewa namba: katika istilahi ya kimataifa iitwayo SNOMED CT, homa ni 386661006, iandikwe kwa Kiswahili au kwa Kifaransa. Orodha za magonjwa peke yake hazitoshi, kwani hazisemi nani aligeuzwa kitandani wala nani alikataa kunywa maji. Kwa sababu hiyo Baraza la Kimataifa la Wauguzi liliazimia mjini Seoul, mwaka 1989, kutunga uainishaji wa kazi za uuguzi.

Rejista za MTUHA zipo, na jumla za mwezi hupelekwa wilayani. Jumla hizo zafaa kupangia dawa; hazimfuati mgonjwa wa Ngara anayepewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, wala anayevuka mpaka kwenda Rwanda au Burundi.

Kazi ngumu iliyobaki ni ya lugha. Je, “unyonge”, “uchovu” na “kulegea” ni dhana moja au tatu? BAKITA na BAKIZA wana uzoefu wa kusanifu maneno, ila swali hili halijibiwi mezani bila ya wauguzi wa zamu ya usiku kuwapo.