Mfalme Naye Yuko Chini ya Sheria



Tumeombwa tuzungumze juu ya mkataba ulioandikwa nchini Uingereza mwaka 1215, ambao ulimwengu huuita kwa Kilatini Magna Carta, yaani Mkataba Mkuu. Huenda mmoja wenu akajiuliza: ugomvi wa mfalme wa Kiingereza na makabaila wake wa zama zile unatuhusu nini? Unatuhusu kwa kuwa swali walilogombania ni swali la kila taifa: je, mtawala ndiye sheria, au naye yuko chini ya sheria? Wengi hudhani kwamba swali hilo lilijibiwa siku moja, kwa hati moja na muhuri mmoja. Sivyo. Mkataba ule ulibatilishwa kabla ya kutimiza miezi mitatu. Uliishi baadaye kwa sababu wako watu waliokataa kuusahau, wala si kwa wema wa wafalme. Hilo ndilo tunalotaka kulieleza leo.

Tuanze nyuma kidogo. Mwaka 1100 Mfalme William II aliuawa kwa mshale akiwa mawindoni. Mdogo wake, Henry, alikikimbilia kiti cha enzi huku kaka yao mkubwa, Robert, akiwa bado safarini kutoka vita vya msalaba. Henry alihitaji watu wa kumwunga mkono, tena upesi. Basi alipotawazwa alitoa hati ya ahadi: hatayanyakua mapato ya kanisa askofu anapofariki, hatawatoza warithi kupita kiasi, wala hatawalazimisha wajane kuolewa wasikotaka. Alipokwisha kukaa imara, nyingi ya ahadi hizo aliziacha. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini hati ile haikupotea. Nakala zilihifadhiwa, na baada ya zaidi ya miaka mia moja zikatolewa na kusomwa upya mbele ya mjukuu wa binti yake.

Jambo hilo lilitukia katika enzi ya Mfalme John, aliyetawazwa mwaka 1199. Mwaka 1204 John alinyang'anywa Normandy na mfalme wa Ufaransa, na kwa miaka kumi iliyofuata alikusanya fedha za kuirudisha. Alitoza mara kwa mara kodi ya ngao, yaani fedha aliyolipa kabaila badala ya kwenda vitani. Warithi walidaiwa kiasi kikubwa ili wapewe ardhi za baba zao. Wajane walilipa ili wasiozwe kwa nguvu. Watoto wa wakubwa walichukuliwa rehani, na mwenye kesi aliweza kulazimika kununua haki yake kwa mfalme. Hakuna aliyejua mpaka wa madaraka ya John, kwa sababu hapakuwa na mpaka ulioandikwa.

Kanisa nalo halikusalimika. Papa Innocent III alipomteua Stephen Langton kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury mwaka 1207, John alimkataa na kumzuia asiingie nchini. Papa akapiga marufuku ibada za hadhara kote Uingereza, na marufuku hiyo ikadumu tangu 1208 hadi 1214. Fikirini, ndugu zetu: miaka sita makanisa yamefungwa, kengele kimya, wafu wakizikwa bila misa. John alinyenyekea mwaka 1213, akamkubali Langton, na hata akaikabidhi Uingereza kwa Papa ili aishike kama kibaraka wake. Tulishike neno hilo, maana tutalirudia.

Julai 1214 washirika wa John walishindwa vibaya katika vita vya Bouvines. Fedha zote zilizokamuliwa zikawa zimetupwa mtoni. Mfalme aliporudi akidai kodi zaidi, makabaila wengi walikataa. Waliikumbuka hati ya mwaka 1100, na wakataka mfalme huyu naye afungwe kwa maandishi. Tarehe 17 Mei 1215 waliuteka mji wa London. John alipoona kwamba mji mkuu umemponyoka, alikubali kuzungumza.

Mazungumzo yalifanyika Runnymede, uwanda wa majani kando ya mto Thames, karibu na Windsor. Askofu Mkuu Langton alikuwa mpatanishi. Mkataba ulikubaliwa tarehe 15 Juni 1215. Mfalme hakuutia sahihi kama picha nyingi zinavyoonyesha. Ulipigwa lakiri ya muhuri wake. Wataalamu wa baadaye walivihesabu vifungu vyake wakapata 63. Vingi ni vya mambo madogo ya siku zile: mitego ya samaki mitoni, vipimo vya nafaka na nguo, madeni ya marehemu. Lakini katikati ya hayo madogo kuna makubwa.

Kifungu cha kwanza kilisema kanisa la Uingereza litakuwa huru. Kifungu cha 12 kilisema kodi ya ngao na michango ya namna hiyo haitatozwa bila shauri la pamoja la ufalme, isipokuwa kwa haja tatu zilizojulikana. Kifungu cha 20 kilitaka faini ilingane na kosa, na mkulima asitozwe hadi akakosa cha kulimia. Kifungu cha 28 kiliwakataza maafisa kuchukua nafaka ya mtu bila kuilipia. Kifungu cha 38 kilimkataza afisa kumshtaki mtu kwa neno lake mwenyewe tu, pasipo mashahidi wa kuaminika. Kifungu cha 39 kilisema kwamba mtu huru hatakamatwa, hatafungwa, hatapokonywa mali yake wala kufukuzwa nchini ila kwa hukumu halali ya wenzake au kwa sheria ya nchi. Kifungu cha 40 kikaongeza kwamba haki haitauzwa, haitanyimwa mtu, wala haitacheleweshwa.

Kisha kikaja kifungu cha 61. Makabaila walimjua John. Walijua kwamba atatoka uwandani na kwenda zake. Wakaamua wachaguliwe watu 25 wa kuulinda mkataba. Mfalme akivunja neno na asijirekebishe kwa siku arobaini, hao 25 pamoja na wananchi wote watakuwa na ruhusa ya kuzizuia ngome na ardhi zake hadi atengeneze, ila wasiuguse mwili wake, wala wa malkia, wala wa watoto wao. Dawa hii ilikuwa kali na mbovu kwa pamoja, kwani mlango wake wa pekee ulifunguka kwenye vita. Lakini tuone kile walichokuwa wameng'amua: ahadi isiyo na mlinzi ni maneno tu.

Na hapa tuseme kweli yote. Mkataba huu haukuandikwa na wanyonge. Ulinena juu ya mtu huru, ilhali sehemu kubwa ya wakulima wa Uingereza walikuwa watwana waliofungwa na ardhi ya mabwana wao. Kabaila aliyelia kwamba mfalme hana mipaka alikuwa mara nyingi hana mipaka mbele ya watwana wake. Kifungu cha 54 kilipunguza uzito wa mashtaka ya mwanamke mahakamani. Wayahudi waliachwa nje ya ngao ya mkataba. Mwaka 1290 Mfalme Edward I aliwafukuza wote kutoka Uingereza, na miaka saba baadaye mfalme huyo huyo akauthibitisha Mkataba Mkuu. Haki iliyotengenezwa kwa kipimo cha wachache huwaacha wengi uchi. Kazi ya vizazi vilivyofuata ilikuwa kuipanua nguo hiyo.

Sasa turudi kwa John. Alimwandikia Papa, ambaye sasa alikuwa bwana wake. Tarehe 24 Agosti 1215 Papa Innocent III aliubatilisha mkataba kwa madai kwamba mfalme ameshurutishwa. Wiki kumi tu zilikuwa zimepita. Vita vikazuka, na baadhi ya makabaila wakamwita mwana wa mfalme wa Ufaransa aje kutawala. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Vijiji vikachomwa na watu wasiojua hata kusoma mkataba huo wakafa kwa ajili yake. Oktoba 1216 John akafariki.

Mrithi wake, Henry III, alikuwa na umri wa miaka tisa. Waliomtawalia, mzee William Marshal pamoja na mjumbe wa Papa, walifanya jambo la hekima. Novemba 1216 waliutoa mkataba upya kwa hiari yao, wakiwa wameondoa kifungu cha walinzi 25 na kile cha kodi. Mwaka 1217 waliutoa tena, na kando yake wakatoa Mkataba wa Misitu, uliofuta adhabu ya kifo na ya kukatwa viungo kwa kuwinda wanyama wa mfalme, na kulinda haki za watu waliotegemea msitu kwa malisho na kuni. Ni kwa kuutofautisha na mkataba huo mdogo ndipo ule wa kwanza ukaitwa Mkuu. Mwaka 1225 Henry akautoa mara nyingine, na safari hii kwa bei: watu walimpa kodi ya moja ya kumi na tano ya mali zao zisizo ardhi, naye akawapa mkataba. Askofu Mkuu Langton na maaskofu wenzake wakatangaza kwamba atakayeuvunja atatengwa na kanisa.

Tangu hapo mambo mawili yalikwenda pamoja kama mtu na kivuli chake. Kila mfalme alipohitaji fedha, watu walimwomba kwanza authibitishe mkataba. Henry aliuthibitisha mwaka 1237, na tena mwaka 1253, ambapo maaskofu walisimama Westminster na mishumaa mikononi, wakaitupa chini huku wakimlaani atakayeuvunja. Lakini mkataba bado ulikosa baraza la kudumu la kuusimamia. Mwaka 1258, kule Oxford, makabaila walimlazimisha Henry atawale pamoja na baraza, na bunge likutane mara tatu kwa mwaka. Henry akapata kwa Papa ruhusa ya kukiacha kiapo chake. Vita vikarudi. Januari 1265 kiongozi wa waasi, Simon de Montfort, aliita bunge lililowajumuisha wawakilishi wawili kutoka kila jimbo na wawili wawili kutoka miji. Agosti mwaka huo aliuawa vitani huko Evesham, lakini desturi ya kuwaita wawakilishi wa watu wa kawaida haikuzikwa pamoja naye.

Mwaka 1297 Edward I alikuwa anazama katika gharama za vita. Makasisi walikataa kodi, wakubwa wawili wa nchi wakakataa kwenda vitani, na serikali yake ikalazimika kuuthibitisha mkataba na kukiri kwamba kodi za aina ile hazitatozwa tena bila ridhaa ya ufalme wote. Hati hiyo iliagiza pia kwamba nakala zipelekwe katika makanisa makuu yote na zisomwe kwa watu mara mbili kila mwaka. Mwaka 1305 Edward naye alipata kwa Papa ruhusa ya kujitoa. Alichelewa. Jambo lililokwisha kusomwa mimbarini mwaka baada ya mwaka halifutiki kwa barua moja. Mwaka 1354 bunge likaandika kwamba kinga ya kutofungwa bila kufuata sheria ni ya kila mtu, wa hali yoyote ile. Wale watwana waliosahauliwa Runnymede wakaanza kuingia mlangoni.

Ndugu zetu, tunajifunza nini? Kwanza, mtawala husaini anapobanwa na husahau anapopumua. Basi ahadi yake idaiwe kama deni. Pili, mwenye kushika kamba ya mfuko ndiye mwenye kushika hatamu ya serikali. Bunge lilizaliwa katika mabishano juu ya kodi. Tatu, kanisa lina sehemu mbili katika historia hii. Kwenye mimbari na mbele ya mishumaa lilikuwa mlinzi wa mkataba. Huko Roma, mara tatu, lilimfungulia mfalme mlango wa kutoroka kiapo. Kila mhubiri achague ni kanisa lipi kati ya hayo mawili analohudumu ndani yake.

Mbegu ya Runnymede ilifika hata kwetu, ingawa kwa njia iliyopinda. Waingereza waliokuja kuitawala Kenya walileta mahakama na sheria zao, lakini wakati wa hali ya hatari, tangu 1952 hadi 1960, waliwatia kizuizini Waafrika kwa makumi ya maelfu bila kuwafikisha mbele ya hakimu. Serikali ya uhuru iliirithi silaha hiyo na ikaitumia. Julai 1990 waliodai vyama vingi walifungiwa nayo. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, na Katiba ya mwaka 2010 iliandika katika ibara ya 25 kwamba haki ya habeas corpus, yaani kuiomba mahakama iamuru mtu aliyezuiliwa aletwe mbele yake, haiwezi kuwekewa mipaka. Ibara ya 210 inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Anayesoma maneno hayo anasikia mwangwi wa kifungu cha 39 na cha 12.

Lakini tusidanganyike na uzuri wa maandishi. Nakala nne za mwaka 1215 zingaliko: mbili London, moja Lincoln, moja Salisbury. Ni ngozi tu iliyoandikwa kwa wino, na ngozi haimzuii askari kuvunja mlango usiku. Kilichomzuia mfalme ni watu waliojua kilichoandikwa, wakakisoma kwa sauti, wakawafundisha watoto wao, na kila alipokuja kuomba wakamuuliza: yako wapi yale uliyoahidi? Basi tukirudi makwetu, tuisome Katiba yetu kama walivyosomewa wale, angalau mara mbili kwa mwaka, katika kila kanisa na kila baraza, kwa lugha ambayo bibi kizee anaielewa. Asiyejua anachodai hawezi kulipwa.