Mkebe na Kilo
(Mazungumzo ya moniteri wa kilimo kwa mama wa Sange)

 Wazee mliokaa kule nyuma, sikilizeni, maana chakula cha nyumba ni chenu pia.

Hapa kwetu palikuwa na ugomvi wa maharage. Mama mmoja alikopa kwa jirani yake kilo 4 kwa ajili ya matanga. Alipovuna alirudisha mikebe 4 ya litri moja moja, imejaa sawasawa. Jirani akayapeleka kwenye mizani, akaona kilo 3 na gramu 200 tu. Basi wakaitana wezi, wakaacha kusalimiana. Lakini hapakuwa na mwizi.

Mkebe hupima nafasi, mizani hupima uzito. Jaza kikapu manyoya ya kuku, kisha ukijaze mchanga, ujitwike: utajua. Litri 1 ya maji ina kilo 1. Lakini litri 1 ya maharage makavu ina karibu gramu 800. Mchele vilevile, au huzidi kidogo. Mahindi ya punje, gramu 700 na kitu. Mpunga wa bondeni kwetu, ukiwa na maganda yake, kwa kawaida haupiti gramu 600, kwa kuwa maganda hushika nafasi bure. Chumvi laini yenyewe hupita kilo.

Unga ndio mdanganyifu mkubwa. Unga wa muhogo uliochekechwa sasa hivi hukaa kama pamba. Litri yake ina kama gramu 500. Gonga mkebe chini mara kumi, utaona unga umeshuka. Basi mpishi akiambiwa kilo 1 ya unga, naye akachota litri 1, amepika nusu ya bugali. Mimi mwenyewe nalifanya hivyo shuleni, siku ya zamu yangu jikoni, wenzangu hawajasahau. Na sokoni, huyu hujaza mkebe wa Guigoz hata pawe na kilima juu, yule huukata kwa kiganja: bei moja, vipimo viwili. Kata kwa kibao kilichonyoka siku zote.

Mtaniuliza, Mizani tutaitoa wapi? Twaa fimbo iliyonyoka, uitundike kwa kamba katikati. Funga vikapu viwili vilivyo sawa, kimoja kila mwisho. Fimbo isipolala sawa, tia kwanza vijiwe katika kikapu kilicho chepesi. Tafuta chupa mbili za namna moja, zilizoandikwa litri 1. Moja itie maji mpaka pale kinywaji cha dukani kilipofika, si mpaka mdomoni. Nyingine iache tupu. Weka kila moja katika kikapu chake. Sasa mimina maharage polepole upande wa chupa tupu, hata fimbo ilale sawa. Hayo ni kilo 1.

Yamimine katika mkebe mkubwa, uyasawazishe, ukwaruze alama kwa msumari. Fanya hivyo tena kwa mchele, na kwa unga baada ya kuugonga, kila kitu na alama yake. Alama ya unga itakuwa juu kuliko ya maharage, usishangae.

Wale mama wawili tuliwapimia hivyo uani. Kilo 4 za maharage zilijaza mikebe 5 ya litri. Deni lilikuwa mkebe mmoja tu, nao uliletwa jioni ile ile.