Safari ya Baiskeli na Amana ya Fedha za Wagonjwa



Baiskeli ni chombo kijulikanacho na kila mtu. Hubeba ndizi kwenda sokoni, hubeba mtoto kwenda shule, na mara nyingine humbeba mgonjwa mpaka penye dawa. Lakini ziko nchi ambamo watu huendesha baiskeli pamoja, siku mbili hata saba mfululizo, ili kukusanya fedha za kuwatibu wagonjwa wasiowajua. Mazungumzo haya yahusu safari hizo, na sababu ya baadhi yake kudumu.

Katika jimbo la Massachusetts, nchi ya Marekani, alikuwako kijana aitwaye Billy Starr, ambaye mama yake alifariki kwa saratani katika mwaka wa 1974. Mwaka wa 1980 aliwaita rafiki zake, wakaendesha watu 36 kutoka mji wa Springfield mpaka Provincetown, kwenye ncha ya rasi ya Cape Cod, mwendo wa maili 220 kwa siku mbili. Walipata dola 10,200, wakazitoa kwa taasisi ya Dana-Farber ya mjini Boston, itibuyo saratani na kuichunguza. Safari hiyo, iitwayo Pan-Mass Challenge, ikawa desturi ya kila mwaka. Waendeshaji wamepita 6,000, na ilipofika mwaka wa 2024, fedha zote zilizokusanywa tangu mwanzo zilikuwa zimepita dola milioni 1,000. Haba na haba hujaza kibaba.

Huenda mtu akauliza: kwani mchango wahitaji jasho? Kwa nini watu hawa wasitoe fedha zao, kisha wakakaa majumbani mwao? Swali hili ni la haki. Jibu lake ni kwamba mwendeshaji hatoi mali yake peke yake. Huwaendea jirani, jamaa na wafanyakazi wenziwe akiwaomba, na ombi la mtu aliyekubali kutaabika huwa zito kuliko ombi la mtu aliyeketi kivulini. Taabu yake ni kama rehani anayoiweka mbele ya watoaji.

Tena, taabu hiyo haibebwi na mtu mmoja. Anayetangulia huupasua upepo, na anayemfuata kwa karibu hupunguziwa robo ya kazi au zaidi; kwa hiyo hupokezana zamu ya mbele. Anayeona shimo huonyesha kwa mkono, na ishara hupita nyuma mtu kwa mtu. Mpira wa mmoja ukitoboka, wenziwe husimama. Mwenye nguvu hujifunza kupunguza mwendo, jambo ambalo kwake ni gumu kuliko kupanda kilima. Siku ya kwanza huendeshwa kwa furaha. Siku ya pili, viungo vinapouma na kiti kimekuwa kama jiwe, huendeshwa kwa subira. Timu nyingi hupewa mtoto mmoja mgonjwa kuwa mwenzao. Hubeba picha yake, na penye kituo cha maji njiani mtoto mwenyewe huja na wazazi wake kuwalaki. Hapo mwendeshaji hukumbuka ni nani hasa aliye na safari ndefu.

Hata hivyo, jasho na picha havitoshi pasipo amana. Katika safari hiyo ya Massachusetts kila mwendeshaji huahidi kiasi maalumu cha fedha kabla ya kuanza. Asipokitimiza kwa michango, upungufu hulipa kwa mali yake. Na tangu mwaka wa 2007, kila dola iliyokusanywa na waendeshaji imepelekwa nzima kwa taasisi, maana gharama za chakula, malazi na ulinzi wa njia hulipwa kwa njia nyingine. Nguvu ya mpango huo ilidhihirika mwaka wa 2020, wakati maradhi ya korona yalipowazuia watu kukusanyika. Msafara haukuwako, kila mtu aliendesha kwao, na hata hivyo zilipatikana dola milioni 50.

Mfano wa pili una fundisho lake. Tangu mwaka wa 2002 palikuwa na safari iitwayo AIDS/LifeCycle, kutoka San Francisco mpaka Los Angeles, maili 545 kwa siku 7, kwa ajili ya kuwahudumia wenye UKIMWI. Ilikusanya fedha nyingi na kuwafaa wengi. Lakini kuwalisha, kuwalaza na kuwatibu maelfu ya watu kwa juma zima ni kazi ya gharama kubwa. Gharama zikapanda, michango ikapungua, na safari ya mwisho ilifanywa mwezi wa Juni 2025. Nia njema haikupungua. Ni hesabu iliyokataa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari; na hata penye daftari, yapasa lisomwe mapema.

Basi, mabwana na mabibi, jamii ikusudiayo kujenga darasa au kununua kitanda cha hospitali haikosi njia kwa kukosa baiskeli 6,000. Na iwe na watu 36 tu, walio tayari kutaabika pamoja, wanaolipa upungufu wa ahadi zao, nao wawasomee watoaji hesabu hadharani mpaka senti ya mwisho. Mtoaji aliyeonyeshwa mchango wake ulikofika, mwaka wa pili hangoji kubembelezwa.