Kufunga Mashine ya Faksi katika Waya wa Simu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimetakiwa na Kamati niseme maneno machache juu ya mashine ya faksi. Wako watakaocheka, wakisema kwamba siku hizi barua hupelekwa kwa intaneti. Ni kweli kwa afisi nyingi. Lakini penye mashine hiyo, anayeamriwa kuihamisha kutoka chumba hata chumba si fundi, ni karani, naye ndiye atakayeulizwa ikiungua. Tena asili yake ni ya kale kuliko simu yenyewe: Alexander Bain, mtu wa Scotland, alipata hati ya uvumbuzi wake katika mwaka 1843, yaani miaka 33 kabla ya Bell kupata yake.

Wengi hudhani ya kuwa waya wa simu hauwezi kumdhuru mtu. Sivyo. Simu ikitulia, waya huwa na volti 48 hivi. Kengele ikilia huongezwa nyingine, 75 hata 90, nazo humrusha aliyeshika shaba tupu, hasa mwenye mikono ya maji. Kwa hiyo usimenye waya hali umeunganishwa.

Lakini hatari kubwa ni radi, na hapo naomba mnivumilie. Simu ya kawaida ya mezani imefungwa katika waya mmoja tu. Faksi imefungwa katika waya mbili zitokazo njia mbali mbali, wa stimu na wa simu. Radi ikipiga karibu na nguzo, nguvu zake huingia kwa njia moja na kutafuta kutokea kwa nyingine, na kipito chake ni tumbo la mashine. Basi kifaa cha kukinga radi kikiwekwa upande wa stimu peke yake hakitoshi. Na kitafutwe kile chenye matundu ya stimu na ya simu pamoja, kikae karibu na mashine, na waya wake wa ethi, yaani uendao ardhini, uwe mmoja.

Hapa hapana budi kutaja desturi moja mbaya. Mashine huja na plagi ya miguu miwili, na soketi zetu ni za mitatu. Karani huchomeka kalamu katika tundu la juu ili ya chini yafunguke, kisha husukuma plagi kwa nguvu. Mashine huwaka, naam, lakini haina ethi. Na ikiwa kifaa cha kukinga radi ndicho kilichochomekwa hivyo, hakina pa kuzimwaga nguvu zile. Adapta ya miguu mitatu ni ya bei ndogo sana. Iombwe kwa barua, na nakala ya barua iwekwe katika faili.

Mawingu yakikusanyika, ng'oa waya wa simu kwanza, kisha plagi ya stimu. Ukirudisha, plagi hutangulia. Sababu yake ni kwamba ethi huja kwa plagi. Ukiing'oa mbele, mashine hubaki imeshikamana na waya wa simu bila kinga. Na ngurumo ikiisha kufika juu ya paa, usiiguse kabisa: afadhali iungue mashine.

Afisi zenye swichibodi ya kidijitali zina jambo lao. Tundu la ukutani hufanana na la kawaida, lakini nguvu zipitazo ni nyingine. Katika afisi moja niijuayo faksi ilichomekwa humo, ikafa siku ile ile. Muulize fundi akupe laini ya analogi. Waya wa ukutani uingie tundu lililoandikwa LINE. Lililoandikwa EXT ni la kuungia simu.

Na mahali ambapo waya wa shaba umeondolewa, simu ikapitishwa katika intaneti, kurasa zikikatika punguzeni mwendo wa mashine hata biti 9600 kwa sekunde, kabla ya kuilaumu.

Wenye maswali, nawakaribisha.