Sitara Yetu Kwenye Mlango wa Ndege

(Mada iliyotolewa katika darasa la Ramadhani la vijana, Magunga, baada ya swala ya Alasiri)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Wazee wetu, mama zetu mlio upande ule wa pazia, na nyinyi vijana wenzangu. Nimepewa dakika ishirini, na najua saumu saa hizi inabana, kwa hivyo sitazunguka sana.

Nilipotaja mada hii kuna aliyecheka. Akaniuliza, sisi wa Magunga na viwanja vya ndege wapi na wapi? Ndege huku tunaziona zikipita juu ya ziwa tu. Nikamwambia hebu hesabu. Katika mtaa wetu huu ni wasichana wangapi wako Saudia na Qatar kwa kazi za nyumbani? Ni vijana wangapi wameomba nafasi za masomo Madina na Uturuki? Na wazee wanaoweka akiba kidogo kidogo ili wakahiji, watakwenda kwa mashua? Kila mmoja wao lazima apite mlango ule. Atavua viatu, atavua mkanda, atainua mikono, na kuna mtu au mashine itakayotaka kujua kilicho chini ya nguo yake. Hapo ndipo suala la sitara linapoingia, na hapo ndipo wengi wetu tunakosa la kusema.

Kwanza tuwe waadilifu. Ukaguzi haukuanzishwa kwa kutuonea. Tarehe 28 Novemba 2002, siku ile ile hoteli ya Paradise kule Kikambala ilipolipuliwa, makombora mawili yalirushwa kwa ndege ya abiria ya Arkia iliyokuwa ikipaa kutoka uwanja wa Moi, Mombasa. Yalikosa, alhamdulillah. Ndani mlikuwa na watu zaidi ya mia mbili na sitini. Kabla ya hapo, Agosti 1998, Nairobi ilishazika watu zaidi ya mia mbili, na Waislamu walikuwa miongoni mwao. Kwa hivyo anayesema mlango wa ndege uachwe wazi hajui anachosema, na mimi si katika hao. Kulinda nafsi ni katika makusudio ya sheria yetu. Lakini kulinda heshima nako kumo. Swali ni nani anaamua kipi kikatwe, na kwa kiasi gani.

Sasa niwapeleke mbali kidogo. Tarehe 25 Desemba 2009 kijana wa Kinigeria, Umar Farouk Abdulmutallab, alipanda ndege kutoka Amsterdam kwenda Detroit, baruti ikiwa imeshonwa ndani ya chupi. Haikulipuka sawasawa, ikamuunguza mwenyewe. Alikuwa na miaka 23, umri wa wengi tuliokaa hapa. Na sikilizeni jambo hili, maana watu hulipita haraka: baba yake mzazi alikuwa ameshakwenda ubalozi wa Marekani mjini Abuja, mwezi mmoja kabla, akawaambia mwanangu simuelewi, ninamhofia. Mzee wa Kiislamu alishitaki mwanawe kwa ajili ya kuokoa roho za watu asiowajua. Habari ilikuwa mezani kwao. Hawakuifanyia kazi inavyopaswa, na jina la kijana halikuwekwa katika orodha ya kumzuia kupanda.

Ungetarajia basi watengeneze mezani. Walichofanya kwa haraka ni mambo mawili. Mwanzoni mwa Januari 2010 walitoa orodha ya nchi 14, ambazo raia wake na wasafiri wanaotoka huko walipaswa kupekuliwa zaidi ya wengine. Jirani zetu Somalia na Sudan walikuwemo, Nigeria pia, na Saudia. Ukiitazama orodha ile, isipokuwa Kuba, kila nchi ina Waislamu wengi. Nigeria ililalamika wazi, na mwezi Aprili mwaka huo huo utaratibu ukabadilishwa. Jambo la pili ni kusambaza kwa wingi zile mashine za kumulika mwili mzima. Za mwanzo zilikuwa zinatoa picha ya mtu karibu kama alivyozaliwa. Ofisa alikaa chumba cha pembeni akiangalia. Wakaambiwa watu, msijali, picha hazihifadhiwi. Mwaka 2010 huo huo ikafichuka kwamba katika mahakama moja ya serikali kule Florida mashine ya aina hiyo ilikuwa imehifadhi picha zipatazo 35,000. Ilikuwa mahakama, si uwanja wa ndege, lakini ahadi ya kutohifadhi ilikuwa imeshaonekana uzito wake.

Waislamu walisema nini? Februari 2010 Baraza la Fiqhi la Amerika Kaskazini lilitoa tamko kwamba kuonekana uchi na mtu asiyehusika ni kinyume na mafundisho ya dini. Wengi hapa mngelitarajia tamko la hasira. Halikuwa hivyo. Lilikubali kwamba usalama ni wa lazima, likasema apendaye achague kupapaswa na mtu wa jinsia yake, na likawataka watengenezaji wabuni programu itakayoonyesha umbo la mchoro tu badala ya mwili wenyewe. Kumbukeni hilo la mchoro, nitalirudia.

Na Waislamu hawakuwa peke yao. Makalasinga walipigania vilemba vyao visivuliwe hadharani. Hata Papa Benedict wa 16, mwezi huo huo wa Februari, aliwaambia wafanyakazi wa viwanja vya ndege kwamba utu wa binadamu uheshimiwe. Halafu ikaja Novemba 2010. Mmarekani mmoja, John Tyner, huko San Diego, alikataa mashine, akakataa pia kupapaswa sehemu za siri, na simu yake ikawa inarekodi. Hakusafiri siku hiyo, lakini maneno yake yalizunguka dunia. Watu wakapanga siku ya kugoma mashine, tarehe 24 Novemba, kesho yake ikiwa sikukuu yao kubwa ya Thanksgiving. Nisiwadanganye: siku yenyewe ilifika na waliogoma walikuwa wachache. Mtu ana tiketi mkononi, mama anamngoja na chakula, nani atakubali achelewe? Ndivyo binadamu alivyo.

Kilichofanya kazi zaidi ni kitu kisichopigiwa makofi: karatasi. Taasisi moja ya kutetea faragha, EPIC, ilikwenda mahakamani, na miongoni mwa walioshitaki pamoja nayo alikuwemo mwanasheria Mwislamu, Nadhira Al-Khalili. Julai 2011 mahakama ya rufaa ya Washington haikusema mashine ni haramu kikatiba. Tuseme kweli, walishindwa hapo. Lakini ilisema serikali ilikosea kwa kuziweka bila kuwasikiliza wananchi kwanza. Mwaka 2012 Bunge lao likaweka sheria kwamba kila mashine iwe na programu ya mchoro. Aina moja ya mashine, zile za eksirei, zikashindwa kufungwa programu hiyo, na kufikia katikati ya 2013 zote, kama 250 hivi, zilikuwa zimeondolewa viwanjani. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeshazikataa za eksirei tangu Novemba 2011, kwa sababu za afya. Leo ukipita mashine nyingi za kule utaona mchoro wa katuni, na kialama mahali panapotiliwa shaka. Ndicho walichokiomba wale mashekhe mwaka 2010.

Kuna na waliolipa gharama. Machi 2010, uwanja wa Manchester, wanawake wawili waliokuwa wakielekea Islamabad waliitwa kwenye mashine. Mmoja akakataa kwa sababu ya dini, mwenzake kwa sababu za kiafya. Wakati ule Uingereza haikuwa na njia ya pili, hupiti mashine hupandi. Hawakupanda, tiketi zikawapotea. Ilichukua mpaka Novemba 2013 ndipo anayekataa mashine akaruhusiwa kuomba upekuzi wa faraghani badala yake. Mimi huwafikiria wale wanawake kuliko huyu Tyner. Yeye aliondoka na umaarufu. Wao waliondoka na mabegi yao.

Turudi nyumbani. Usifikiri haya ni ya Wazungu. Mei 2019 serikali yetu iliamuru ndege zitokazo Mogadishu zitue kwanza Wajir, abiria wakaguliwe, ndipo ziendelee Nairobi. Fikiria mgonjwa anayekuja kutibiwa, au mama na watoto, wanateremshwa kwenye jua la Wajir na kufunguliwa mizigo, na Nairobi bado. Somalia ikalalamika, abiria wakalalamika, na Novemba mwaka huo marais wawili wakakubaliana ndege zirudi kwenda moja kwa moja. Na mwisho wa Oktoba 2023, mnakumbuka zile kelele za mabegi pale Jomo Kenyatta? Watu wa forodha walitangaza kwamba kuna ushuru kwa vitu vinavyozidi dola 500, watu wakaanza kusimulia namna nguo zao za ndani zinavyotandazwa mezani mbele ya wapita njia. Hapo hakukuwa na dini wala kabila. Mpaka waziri wa utalii wa wakati huo, Alfred Mutua, alilaumu hadharani. Mamlaka ya ushuru ikatoka kueleza kwamba vitu vya matumizi binafsi vilivyokwishatumika havitozwi. Mimi nilijifunza kitu: Mkenya akipekuliwa kwa sababu ya jina lake, wengi hunyamaza. Wakipekuliwa wote, waziri anasikia.

Shangazi yangu alipokwenda Umra alipitia uwanja mmoja wa nchi nyingine, sitautaja. Ofisa wa kiume akamuashiria avue hijabu palepale kwenye foleni. Shangazi Kiingereza chake ni cha sokoni. Hakupiga kelele. Alisimama pembeni, akashika mtandio kwa mikono miwili, akawa anarudia neno moja: "Woman. Woman." Watu nyuma wakanung'unika, mmoja wa msafara wetu akamwambia, mama vua tu tutaachwa. Hakuvua. Baadaye akaletwa mwanamke, wakaingia chumbani, dakika mbili, imekwisha. Alipanda ndege wa mwisho. Sasa yule aliyemwambia avue tu, simlaumu, naye alikuwa na hofu. Lakini nauliza, dakika mbili zile zingemdhuru nani zikitolewa tangu mwanzo?

Kwa hivyo mjue haki hizi kabla ya kufika, maana foleni si mahali pa kusomea. Hapa Kenya Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 27, inasema mwanamke anapopekuliwa apekuliwe na mwanamke, na kwa staha kamili. Ni sheria ya zamani, haikuletwa na Waislamu. Katiba ya 2010, ibara ya 28, inalinda utu wako, na ya 31 inalinda usipekuliwe bila sababu. Haki hizo si za kukataa ukaguzi wote, ibara ya 24 inaruhusu mipaka, ila mipaka hiyo iwe ya kisheria na ya kiasi. Ndugu zetu Wanubi walikwenda na hoja kama hizo mahakamani katika kesi ya Huduma Namba, na tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wakazuia serikali kuchukua DNA na mahali hasa pa makazi ya watu. Wanubi, watu wachache tu! Nasi huku tu wachache, na tunapenda kusema hatuna nguvu.

Marekani kwa kawaida unaweza kukataa mashine ukaomba kupapaswa na mtu wa jinsia yako, katika chumba cha faragha, ukiwa na shahidi wako. Sema mapema, kabla hujaingia, na kwa upole. Usifanye mzaha wa bomu, hata kidogo, hata kwa Kijaluo. Vaa mtandio usio na pini nyingi. Dada zetu mnaokwenda Ghuba, jifunzeni sentensi mbili kwa Kiarabu na kwa Kiingereza za kuomba ofisa wa kike. Nimeziandika kwenye karatasi, amiri wetu anazo, atazigawa. Ukidhulumiwa andika tarehe, saa, uwanja na namba ya ofisa kwenye kifua chake, siku hiyo hiyo. Malalamiko bila tarehe ni hadithi.

Mzee wangu mmoja hapa ameshanong'ona kwamba vijana tunawafundisha ukaidi. Mzee, nakuheshimu, na nitakujibu baada ya futari tukishakunywa uji, maana jibu lake ni refu na adhana iko karibu. Wenye maswali waandike, kina dada wampe mtoto alete upande huu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.